Hina ya Mzee Uweso

Devota haanzi kumuuliza mteja anataka rangi gani. Anauliza kwanza nywele zimepitia nini. Ukikaa kwenye kiti chake pale Nguvumali, hujamaliza kueleza ulichokiona kwenye simu ya shoga yako, yeye ameshakufungua kilemba na kukiinamia kichwa chako akikinusa. "Mara ya mwisho ulipaka nini?" Wengi wanadanganya. Wanasema hawajatia kitu tangu mwaka jana, kumbe juzi tu wamepaka piko, ile rangi nyeusi ya dukani, na juu ya piko dawa ya kulainisha. Devota habishani nao. Anachambua nywele kwa ncha ya kichanuo, anaona mwenyewe, anafanya kazi yake. Ningekuwa mimi ningewatimua, na ndiyo maana mimi nashona nguo.

Kibaraza chetu ni kimoja. Yeye ana chumba cha ndani chenye pazia zito, kwa sababu wateja wake wengi ni wanawake wa Kiislamu ambao hawavui mitandio mbele ya wapita njia. Mimi niko nje na cherehani yangu. Tumekaa hivyo miaka mingi, yeye Mkatoliki aliyezaliwa kambi ya mkonge, mimi Mlutheri wa Lushoto. Kusuka alijifunza bombani, akina mama wakisubiri maji. Hina alifundishwa na mama mmoja wa Ngamiani aliyemwajiri akiwa bado msichana. Ni mtu mkavu. Hacheki ovyo wala hasengenyi, na kwa msusi hilo ni ajabu. Kwangu mimi jirani yake ni mateso, maana siri zote za mtaa zinaingia mle ndani na hakuna hata moja inayotoka.

Hii moja naijua kwa sababu niliitwa kumwaga maji.

Mzee Uweso alifariki siku chache kabla ya Idi. Alikuwa fundi baiskeli, mzee mpole mwenye ndevu nyekundu za hina, na aliacha wajane wawili katika nyumba moja. Mkubwa ni Bi Mwanamkasi, mtu wa hapa hapa Tanga, mwenye umri wa kuitwa bibi na mwenye mwendo wa mtu anayejua kwamba anatazamwa. Mdogo ni Hasina, aliyeletwa kutoka kijiji kimoja chini ya Amani baada ya wazazi wake kufa na kaka yake kuchoka kumlisha. Hasina hakujaaliwa mtoto. Mwaka wa kwanza wake wenza wale walikuwa hawasemezani, na mtaa mzima tulijua, kwa sababu Bi Mwanamkasi akitaka kumwambia Hasina neno alikuwa anamwambia kuku. Baadaye wakapatana. Mzee alipougua walimuuguza kwa zamu, na alipokufa waliingia eda pamoja, chumba kwa chumba. Bi Mwanamkasi alitamka mbele ya watu kwamba eda ikiisha Hasina hatakwenda popote, watabaki wote pale.

Kwa asiyejua desturi za pwani, mjane akiwa ndani ya eda, ile miezi minne na siku kumi, hajipambi. Hatii manukato wala wanja, hapaki hina. Siku ya kutoka, wanawake wanakuja kumwogesha, kumvika nguo mpya na kumfukiza udi, naye anapakwa hina. Madera ya wale wawili niliyashona mimi, kwa hiyo nilikuwepo. Hasina ndiye aliyempaka mwenzake hina kichwani. Alimpaka vizuri tu, taratibu, wanawake tukiwa uani tunakunywa chai. Ulipofika wakati wa kuiosha, kanga ikafunuliwa, na kelele zote zikakatika.

Kichwa kilikuwa na mabaka. Mahali pengi nywele zilikuwa za rangi ya chungwa, kama kawaida ya mvi zikipata hina. Lakini juu ya masikio yote mawili, utosini, na kipande kikubwa kisogoni palikuwa peusi kwa wekundu, kama damu iliyokauka. Mama mmoja mnene, jina lake sitalitaja kwa sababu ni mteja wangu, akasema, "Hee! Mtu katiwa piko hapa." Mwingine akadakia kwamba uke wenza hauishi, unalala tu. Hasina alisimama na kata ya maji mkononi, akatazama kile kichwa, kisha akamtazama Bi Mwanamkasi. Bi Mwanamkasi akajifunika kanga, akaingia ndani.

Nitasema nilivyohisi: nilimwamini yule mama mnene. Nilimwona Hasina ni nyoka. Nilirudi kibarazani nikamhadithia Devota yote, na chumvi nikatia, naye akaendelea kuosha vichanuo vyake. Nilipomaliza aliniuliza swali moja. "Hina ilitoka wapi?"

"Dukani," nikamwambia. "Bi Mwanamkasi mwenyewe alimtuma akanunue."

"Mzee Uweso si alikuwa na mhina nyuma ya nyumba, akisaga mwenyewe?"

Sikujua kwa nini aliuliza, na yeye hakunieleza.

Maneno yakamfikia Abdulghani, mdogo wake marehemu, ambaye huleta bidhaa kutoka Mombasa kupitia Horohoro. Si mtu mbaya. Ni mtu wa kauli moja, na kauli yake ilikuwa kwamba hawezi kumwacha mwanamke mwenye fitina alale nyumba moja na mjane mkubwa wa kaka yake, leo ameharibu nywele, kesho atatia kitu kwenye uji. Asubuhi moja bajaji ikasimama mbele yetu. Akashuka Abdulghani, wakashuka wajane wawili, na mwisho likateremshwa begi la Hasina, begi la bluu lililofungwa kwa kamba kwa sababu zipu imekufa. Akaliweka kando ya cherehani yangu.

"Shikamoo, Bi Mwanamkasi," Devota akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu." Sauti ilikuwa chini sana.

"Fundi," Abdulghani akasema, "mie sitaki kumdhulumu mtu. Weye ndiye wajua mambo haya. Mtazame shemeji yangu kichwa, umtengeneze, halafu unambie kitu kimoja tu. Mna piko mle au hamna? Kama mna piko, huyu leo hii hii yuwapanda gari, arudi kwao."

Alisema hivyo Hasina akiwa amesimama palepale. Hasina hakulia wala hakujitetea. Alikuwa ameshika pindo la mtandio wake na kulikunja, kulikunja. Mimi niliyekuwa nimemwita nyoka nilitazama lile begi, nikawaza anarudi kwa nani. Kwa kaka aliyemtoa ili apunguze sahani? Roho ikaanza kunisuta.

Wakaingia ndani, wajane wote wawili. Devota alitaka Hasina awepo aeleze alivyochanganya. Abdulghani akakaa kwenye benchi langu akivuta tasbihi. Baada ya muda mfupi pazia likafunuka kidogo. "Mama Wilfred, njoo unisaidie kumwaga maji." Niliingia haraka kuliko ilivyonipasa.

Bi Mwanamkasi alikuwa kwenye kiti, taulo mabegani, kichwa wazi mbele ya kioo. Kwenye mwanga wa dirisha yale mabaka yalikuwa mabaya zaidi kuliko nilivyoyakumbuka. Hakutaka kujitazama. Hasina alikuwa kwenye kigoda pembeni.

Devota akaanza kama anavyoanza siku zote. Akanusa. Akaloweka kitambaa cheupe, akabana nacho fungu la nywele nyeusi na kukivuta hadi nchani, akakitazama kama kimeshika weusi. Akafanya vivyo hivyo kwenye nywele za rangi ya chungwa. Halafu akatenga nywele mstari kwa mstari, karibu na ngozi, akawa anazifuata kwa kidole kutoka kwenye shina kwenda nje, bila haraka. Alifanya hivyo juu ya masikio, utosini, na kisogoni. Alipofika kisogoni akasimama.

"Bi Mwanamkasi," akasema, "mara ya mwisho ulipaka nini?"

"Hii aliyonipaka Hasina."

"Na kabla yake?"

"Kabla ya marehemu kufa. Alinipaka mwenyewe."

Kidole cha Devota kilikuwa bado kwenye nywele. Nilimwona anavyopima maneno, na ninamjua, akipima maneno mambo si mepesi.

"Hakuna piko hapa," akasema taratibu, ili asisikike nje. "Ni hina tupu. Ila nywele hizi zilizo karibu na ngozi zimeota baada ya msiba. Zilipaswa kuwa zimeona hina mara moja tu, siku ile ya kutoka. Nyingi zimeona mara moja. Hizi nyeusi zimeona mara mbili."

Kwanza sikuelewa. Kisha nikaelewa, na nikatamani nisingeitwa. Nywele zilizoota ndani ya eda, zikapakwa hina ndani ya eda. Bi Mwanamkasi, ambaye mtaa mzima tulikuwa tukisema eda yake ni ya mfano, hata dirishani haonekani.

Kwenye kioo uso wa bibi wa watu ulikuwa umekufa ganzi. Hasina naye alikuwa anaangalia sakafu.

"Mimi nitamwambia shemeji yako alichoniuliza," Devota akaendelea. "Kaniuliza piko, nitamwambia hakuna. Mengine hayanihusu. Lakini lazima ataniuliza, sasa mabaka yametoka wapi? Hapo mimi sina la kumwambia. Nikisema sijui, atafikiri nalificha la Hasina, na lile begi litapanda gari."

Nje Abdulghani alikohoa.

"Na kuna jambo jingine, la kazi," Devota akasema. "Naweza kuyaondoa mabaka. Nipake rangi nyeusi kichwa kizima, yataisha leo."

"Sitaki nyeusi," Bi Mwanamkasi akasema haraka. "Uweso hakupenda nyeusi."

"Basi inabidi nizifikishe nywele za chungwa kwenye rangi ya hizi nyingine. Hina ya dukani haifiki hapo, hata nikipaka mara tatu itabaki inawaka. Nahitaji ileile uliyotumia. Imebaki?"

Bi Mwanamkasi akafumba macho. Ndipo Hasina akasema, bila kuinua uso, kwa sauti ya mtu anayeonyesha mahali chumvi ilipo:

"Imo pochini mwako, Bi Mkubwa. Kwenye kopo la maziwa."

Mimi nilikuwa na ndoo ya maji mkononi, na sijui nilisimama nayo muda gani. Bi Mwanamkasi akageuka kwenye kiti, akamtazama mwenzake.

"Wewe wajua?"

"N'lifua foronya zako," Hasina akasema. "Zilikuwa na hina. N'kaziloweka, n'kazianika chumbani mwangu zisionwe na wageni."

"Ukanyamaza?"

"Ningesema nini? Ilikuwa hina yake." Hapo sauti ikamvunjika. "Mie mwenyewe n'kiinusa mlangoni pako. N'kikaa pale mlangoni, n'kinusa."

Bi Mwanamkasi akaweka mikono yote miwili usoni. Aliyoyasema yalitoka kwenye viganja, na sehemu nyingine sikuyapata, lakini mengi niliyapata. Mzee aliisaga hina ile kwa ajili ya Idi. Alichuma majani, akayaanika kivulini, akayatwanga na kuyachekecha kwa kitambaa cha kanzu yake kuukuu, akatia kopo. Hakuifikia Idi. Ndani ya eda, mjane wake alikuwa akifungua kopo lile kunusa, na kila alipofungua harufu ilikuwa imepungua.

"Hina ikikaa yafa," alisema. "Naliona yafa mkononi mwangu. Siku moja n'kashindwa. N'kaikoroga kidogo, n'kapaka kwa kupapasa tu, bila kioo. Miaka yote ile alinipaka yeye. Mie hata sijui kujipaka."

Devota aliacha kazi. Alikaa kwenye ukingo wa meza ya vichanuo, na nilidhani atasema maneno ya kufariji, ambayo hayawezi. Akasema, "Mimi, mume wangu Tadeo alipokufa, walininyoa. Ndugu zake, siku ya matanga, kwa mila zao. Alikuwa akipenda kunifumua nywele yeye mwenyewe, jioni, akitoka kazini. Sikuulizwa. Zilifagiliwa pamoja na majani ya uani." Akainuka, akachukua bakuli. "Kwa hiyo mimi sikuhukumu, bibi. Lakini huyu binti hana kosa."

Nimekaa na Devota kibaraza kimoja tangu Wilfred wangu anatambaa. Nilijua kwamba ni mjane. La kunyolewa sikuwahi kulisikia. Niliumia kwamba hakuwahi kuniambia, kisha nikakumbuka mimi ni mtu wa namna gani, nikaona alikuwa na haki.

Kopo likatoka pochini. Lilikuwa kopo dogo la maziwa ya unga, limefungwa mdomo kwa nailoni na mpira. Bi Mwanamkasi alilishika kwa muda. "Ikiisha, imeisha," akasema.

"Itaisha," Devota akajibu. Hakumdanganya.

Akamwaga unga wote kwenye bakuli. Hasina akakamua ndimu, mimi nikaleta maji ya majani ya chai yaliyochemka, Devota akakoroga mpaka ikawa nzito ya kushika kijiko. Harufu ikajaa chumba kizima, ya majani makavu na udongo uliopata mvua. Hasina akaacha kukamua, akafumba macho.

Kazi ya kusawazisha rangi ni ya uvumilivu. Devota hakugusa yale meusi. Aliyafunga kando kwa vipande vya nailoni, kisha akapaka penye rangi ya chungwa peke yake, fungu kwa fungu, na kwenye mipaka alipitisha ncha ya kidole kwa wepesi mno ili pasibaki mstari. Hapo ndipo mafundi wengi wanaharibu, wanapaka kichwa kizima, na penye weusi panazidi kuwa peusi. Alipomaliza, ubavuni mwa bakuli ilibaki kidogo, ya kuchota kwa kidole.

"Lete mkono," Bi Mwanamkasi akamwambia Hasina.

"Mie?"

"Alikuwa mumeo pia. Lete mkono."

Akachota mwenyewe ile iliyobaki, akampaka kwenye kucha, moja moja, akiwa na mfuko wa nailoni kichwani na machozi yanashuka bila kufutwa. Nilitoka nje. Kuna mambo hata mimi siwezi kuyatazama.

Abdulghani alikwenda kuswali adhuhuri, akarudi. Tulikuwa tumeshaiosha. Nywele zilikuwa zimekubali, si kwa asilimia zote, Devota mwenyewe alisema wekundu utaendelea kuiva mpaka kesho, lakini mabaka hayakuwepo tena. Kilikuwa kichwa cha rangi moja, nyekundu ya kukolea, rangi ya zile ndevu za mzee tulizozizoea. Bi Mwanamkasi alijitazama kwenye kioo kwa mara ya kwanza tangu aingie. Akafunga mtandio, akautengeneza vizuri, akatoka.

"Haya, fundi," Abdulghani akauliza. "Mna piko?"

"Hakuna," Devota akasema.

"Sasa yale mabaka nini? Yametoka wapi?"

Devota akainama kusuza bakuli. Alilisuza mara ya pili, na lilikuwa safi tayari. Nilimtazama Bi Mwanamkasi, nikajiambia kwamba akinyamaza sasa, mimi nitasema, na mtaa mzima utanichukia, lakini nitasema.

Hakunyamaza.

"Shemeji," akasema, "nalijipaka hina ndani ya eda. Hina ya kakako. Hasina hakutia kitu."

Mkono wa Abdulghani ukasimama kwenye tasbihi. "Ndani ya eda?"

"Ndani ya eda."

"Astaghafirullah. Na siku zote hizi wamwona mwenzio asingiziwa, umenyamaza?"

"N'liona haya." Alikuwa amesimama wima kama kawaida yake. "N'liona afadhali yeye aondoke kuliko mie nisemwe. Mola anisamehe, hilo ni kubwa kuliko hina. Nitakwenda kwa shehe aniongoze toba. Na hao waliosema uani kwangu, nitawaita nyumba ileile, niwaambie mwenyewe."

Abdulghani akakaa kwenye benchi. Nilidhani atafoka. Alipozungumza hakuwa anamsemesha mtu. "Ndiyo ile aliyokuwa akiitwanga n'lipokwenda kumwona," akasema. "N'kamwambia, kaka, dukani imejaa tele. Akacheka." Akajifuta uso kwa kofia, akainuka kwenda kumwamsha dereva wa bajaji aliyekuwa amelala.

Hasina akainama kuchukua begi lake. Bi Mwanamkasi akamtangulia. Akalishika kwa ile kamba, akaliinua, na lilikuwa zito kwake, nililiona bega linavyoshuka.

"Bi Mkubwa, lete. Nitabeba mie."

"Acha," akasema Bi Mwanamkasi. "Weye ulinifulia foronya."

Akalibeba mwenyewe hadi kwenye bajaji, mtaa mzima ukitazama.